Unywele Kwenye Beringi ya Tatu

Jumapili, 8 Juni 2025. Katesh.

Evelyne amepiga simu! Mwenyewe, bila mimi kumbipu. Nilikuwa natoka misa ya pili, nikakimbilia nyuma ya kanisa kuukwepa upepo ili nimsikie vizuri. Amesema Jumapili ijayo baba yake mdogo atakuwa kwake Nambis, huko Mbulu, anatoka Bukoba, na ameuliza ni nani huyo kijana anayepiga simu kila jioni. Kwa hiyo nije nionwe. Nije kabla ya chakula cha mchana. Atapika ndizi.

Nikauliza kama baba mdogo anapenda magari. Akasema hajui, anachojua anapenda watu wanaofika mapema.

Moyo wangu! Tangu Evelyne ahamishiwe zahanati ya kule Mbulu, mji huu umebaki upepo mtupu. Nikipita mlango wa wodi ya wazazi, alikokuwa muuguzi, nageuza shingo. Najua hayupo. Nageuza tu. Jioni nasimama barabarani natazama upande wa Dareda, inakopanda njia ya kwenda kwake. Hakuna cha kuona isipokuwa vumbi. Natazama hivyo hivyo mpaka watu wananiuliza nimepoteza nini.

Lakini mwishoni mwa simu likatokea jambo. Akakumbuka siku ya kuhama. Akasema Gerald alimpakilia kabati na kitanda kwenye Noah yake, na ile Noah ilipanda mlima wa Bashnet bila kunung'unika. Bila kunung'unika! Maneno yake hayo. Gerald ni fundi mwenzangu, gereji yake iko ng'ambo ya barabara. Ana mashine ya kusomea magari na ovaroli za kubadilisha. Siku ile Corolla yangu ilikuwa juu ya mawe, haina hata matairi.

Basi la Mbulu linaondoka hapa kila asubuhi. Najua. Kondakta wake, Benedict, nilisoma naye. Lakini mwanamume anayekwenda kuonwa na baba mdogo hashuki kwenye basi akiwa amempakata kuku wa mtu mwingine. Nitakwenda na Corolla. Nitaijenga injini ya mbio. Nitapanda Bashnet kwa gia ya tatu, na Nambis nzima watanisikia kabla ya kuniona.

Jumatatu, 9 Juni.

Injini yote iko nje. Krenki ilishachongwa Arusha. Beringi mpya ninazo, zimekaa chini ya kitanda tangu Pasaka zikisubiri sababu. Sababu imepatikana.

Kwa yeyote atakayesoma haya nikishakuwa na jina: krenki ndiyo uti wa mgongo wa injini. Inalala juu ya beringi kubwa tano. Kati ya krenki na beringi lazima pabaki nafasi ndogo, kama unene wa unywele hivi, mafuta yapite. Ukibana sana, vyuma vinakamatana. Ukilegeza sana, injini inagonga kama mlango wa choo siku ya upepo. Injini ya kwendea sokoni inavumilia. Injini ya mbio inataka kila beringi ipimwe peke yake, na kwa heshima.

Nimejifunza kwenye video ya mzee mmoja wa Kizungu mwenye ndevu. Mtaalamu kabisa. Akafika mahali akainua kidole, akasema sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kifurushi kikaisha. Hayo mengine nimejiongeza mwenyewe.

Tatizo ni vumbi. Gereji yangu ina kuta tatu, na Juni hii upepo wa Katesh unaingia mpaka kwenye meno. Chembe moja ikiingia kwenye beringi, kwisha habari. Kwa hiyo wakati dada Getruda yuko shuleni anafundisha, nimewaita jirani wanne tukaibeba injini mpaka sebuleni kwake. Nimeilaza kwenye kona, juu ya magunia, nikaitandikia chandarua. Safi sana. Nimeshangaa kwa nini hospitali ndiyo peke yake inayofanya hivi.

Dada amerudi. Akasimama mlangoni na mkoba wake wa madaftari. Akauliza kama basi la Mbulu limefutwa. Nikasema halijafutwa, ila hili ni suala la heshima. Akauliza heshima ya nani, yangu au ya kochi lake. Mimi naishi kwake, nikayasogeza magunia mbali kidogo na kochi.

Jumanne, 10 Juni.

Siku ya dhiki. Sina kitu cha kupimia!

Mafundi wengi hapa wanapima kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Hiyo ni sawa kwa trekta. Kuna uzi laini wa plastiki unaotengenezwa kwa kazi hii hasa: unaulaza juu ya krenki, unafunga, unafungua, unaangalia umebonyea kiasi gani. Katesh nzima anao mtu mmoja tu. Nani? Gerald.

Na akaja mwenyewe! Akapiga hodi, akaona chandarua, hakucheka, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Akasema, "Chukua huu uzi kaka, mimi ninao mwingine." Akanyoosha mkono. Nikamwambia asante, mimi nina kipimo changu. Akauliza kipimo gani. Nikasema ni cha kisasa zaidi. Akaenda zake.

Sikuwa nacho. Nikashinda na njaa mchana kutwa nikiitazama krenki.

Halafu nikakumbuka kiberiti.

Niandike ukweli, hakuna anayeona. Siku Evelyne alipokuja kuaga, aliketi kwenye kochi hili, akaegemea, akanywa chai, akasema Urban usikonde. Alipoondoka nikabaki nimesimama hapa hapa. Kwenye kitambaa cha kochi, pale alipoegemeza kichwa, kulikuwa na unywele wake mmoja. Mrefu. Nikauviringa nikautia ndani ya kiberiti kitupu. Tangu hapo, nikimkumbuka sana nafungua, natazama, nafunga. Nimemkumbuka sana mara nyingi.

Sasa tazama maajabu. Nafasi inayotakiwa inapimwa kwa unywele. Na mimi unywele ninao! Penye nia pana njia.

Jumatano, 11 Juni.

Kazi imekwenda vizuri ajabu. Nakata kipande kidogo, nakilaza kwenye beringi, nafunga kifuniko kwa spana ya kipimo, nazungusha krenki kwa mkono. Ikikataa kabisa, nafasi ni ndogo mno. Ikizunguka kwa kusitasita kidogo, nafasi inakaribia unywele. Nikaona hiyo ndiyo ya mbio. Beringi ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya nne na ya tano, sawa. Kila nilipomaliza nilikitoa kile kipande kwa ncha ya sindano, nikakirudisha kwenye kiberiti.

Nikabakiza ya tatu, ya katikati. Nimekiweka kipande, nimefunga kifuniko, spana iko mkononi, mara "Tumsifu Yesu Kristo" mlangoni. Jumuiya! Nilisahau kwamba wiki hii sala ni kwetu. Wakaingia wote, kina mama na kina baba, na baridi yao na rozari zao. Nikaitupia injini blanketi, nikashusha chandarua, nikaanza kuamkia. Shikamoo huku, shikamoo kule. Wazee wa jumuiya yetu ni wengi na hakuna anayekubali kurukwa.

Mama Yusta, mwenyekiti, akaona kile chandarua na umbo lililolala chini ya blanketi. Akashusha sauti. Akamuuliza dada ni nani anaumwa. Dada Getruda, mwalimu mzima, akashindwa kusema kwamba ana injini sebuleni. Akajibu ni mgonjwa wa Urban.

Basi wakamwombea. Wote wamepiga magoti wakielekea kwenye kona. Mama Yusta akamwomba Mungu amlegeze mgonjwa viungo, amtoe maumivu ya mgongo, ampe nguvu ya kusimama. Kwa upande wa ufundi, ombi lilikuwa sahihi kabisa. Mimi nikapewa fungu la tatu la rozari niliongoze, nikaliongoza nikiwa nimeficha spana nyuma ya mgongo. Wakati wa kutoka, mzee mmoja akapitisha mkono chini ya chandarua ampe mgonjwa pole. Akashika chuma cha baridi. Alitoka nje haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Walipokwisha kuondoka nikarudi kwenye beringi ya tatu. Nilitakiwa kufungua na kukitoa kipande. Nikashika spana. Nikazungusha krenki kwanza, kwa kidole tu. Ikazunguka, ikasita kidogo, ikaendelea. Ile kusita! Ndivyo alivyofanya Evelyne langoni siku ya kuaga. Alisita, kisha akaenda.

Sikufungua. Kwanza kitu kimeshaombewa, nani akifungue? Pili, ni kipande kidogo, mafuta yatapita pembeni. Tatu, na hili ndilo la kweli, nilitaka abaki humo. Katikati kabisa ya injini. Kila mzunguko wa kuelekea kwake, yeye awe ndani.

Dada akasema mtaka cha mvunguni huinama, mimi nainama kwenye mvungu usio na kitu. Hajui mapenzi. Yeye ni mtu wa hesabu.

Ijumaa, 13 Juni.

INAWAKA! Jirani wale wale wanne wameirudisha kwenye gari, nikafunga kila kitu, nikapiga ufunguo. Mngurumo! Mama wa duka la pembejeo akatoka nje. Mabati yalitikisika. Ninasema mabati, huenda ulikuwa upepo, lakini yalitikisika.

Nikaipeleka kujaribu njia ya Gehandu. Huko nikakuta ng'ombe wengi wanavuka. Waliposikia injini wakatawanyika mbuga nzima kwa heshima. Mchungaji wao, kijana wa shuka aitwaye Joakimu, akanisemesha maneno mengi kwa lugha ya kwao. Mengine aliyatafsiri. Ikabidi nishuke nimsaidie kuwakusanya mpaka jua likaegemea.

Wakati wa kurudi kukawa na mlio. Mwembamba, unatoka katikati. Si mbaya. Nimeusikiliza kwa muda na naona una huzuni fulani ambayo naielewa.

Gerald alikuwa amesimama barabarani nikipita. Akanipungia nisimame. Akainamisha sikio, akauliza beringi za kati nimeziachia nafasi gani. Nikasema hiyo ni siri ya kazi. Akasema Jumapili naye anakwenda Mbulu, kuna gari la zahanati la kutengeneza, kwa hiyo kama napenda kuna nafasi kwenye Noah. Zahanati! Gari lao limeharibikaje wiki hii hii? Nikamwambia tutaonana juu ya mlima.

Jumamosi, 14 Juni.

Baba mdogo amefika leo. Siku moja kabla. Evelyne anasema ndivyo alivyo.

Na kuna jambo jingine. Evelyne amempigia Benedict mwenyewe, akamwambia aniwekee kiti cha mbele kesho. Nikachukia. Ina maana haniamini? Halafu nikalala chali kitandani nikafurahi sana kwamba alikaa mahali akafikiria mimi nitakaa kiti gani. Halafu nikachukia tena.

Akasema huko wameshavuna, mashamba yamebaki mabua, baridi ni kali, jioni anakaa nje na koti anaangalia barabara wakati hakuna gari linalopita. Akasema kwa sauti ya chini, "Urban, nimekumisi."

Nilikuwa na jibu! Nina jibu hilo tangu Machi. Nalirudia gerejini, nalirudia nikioga. Lilifika kooni kabisa. Nikamwambia injini ya mbio inatumia mafuta mazito.

Akasema sawa. Akaniambia nilale salama, na kwamba haijalishi nakujaje, nije tu.

Jumapili, 15 Juni. Mlimani, juu ya Dareda.

Naandikia juu ya boneti. Ni ya moto, lakini ndiyo meza niliyonayo.

Nilitoka asubuhi nimevaa koti la suti. Nangwa nikapita nikiwapungia watu. Dareda nikaingia mlima kwa gia ya tatu, naapa, gia ya tatu! Ule mlio ukawa kilio. Nikaongeza redio. Kilio kikawa yowe. Kwenye kona kubwa, ile ambayo ukiangalia chini unaona bonde lote mpaka mlima Hanang, injini ikasema KA na kunyamaza. Krenki imekamatana. Haigeuki hata kwa bomba refu la spana. Nimejaribu mpaka koti la suti limepasuka kwapa.

Basi likapita. Benedict akalisimamisha kabisa, kwenye mlima, abiria wote wakichungulia. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Akasema, "Panda ndugu, gari tutalifuata kesho." Nikaangalia kile kiti. Nikawaza nashuka Nambis kwenye basi, halafu baba mdogo ananiuliza nimekujaje, na Gerald yuko pale na Noah yake. Nikasema mimi nimepumzika tu, naangalia mandhari. Dereva akapiga honi. Wakaenda.

Gerald akapita. Hakunung'unika, wala yeye wala Noah. Akafungua mlango wa abiria. Nikamwonyesha Hanang, nikasema leo mlima uko wazi sana. Akaangalia Hanang. Akaniangalia. Akaacha chupa ya maji juu ya jiwe, akaondoka.

Sasa ni saa ya chakula. Simu imeisha chaji. Ndizi zimeiva kule. Nimepanda juu ya jiwe nione upande wa Mbulu: matuta, moshi wa majiko, moshi mwingine zaidi. Nimechagua moshi mmoja nikasema huo ndio wa kwake. Nimeutazama muda mrefu. Ulipoisha nikachagua mwingine.

Nakupenda Evelyne. Tazama, kuandika ni rahisi.

Jumatatu, 16 Juni.

Nimevutwa mpaka Katesh na lori la vitunguu saumu kutoka Mbulu. Nimeoga mara mbili. Bado.

Jirani wale wanne wameirudisha injini sebuleni, chini ya chandarua, nami nimeifungua. Beringi nne ziko sawa, zinang'aa. Ya tatu imeungua nyeusi, na juu yake kuna kitu kimeyeyuka na kuganda. Nikashangaa, nywele haziyeyuki. Dada Getruda akaja na chai, akachungulia, akaniuliza hiyo plastiki ilifikaje humo. Nikamwambia si plastiki, ni unywele wa mtu. Ikabidi nimwonyeshe kiberiti.

Akautoa, akaunyoosha kwenye mwanga, akaushusha mpaka begani mwake. Akasema hii ni rasta, nywele za plastiki za kusukia. Rasta yake yeye. Nyeusi namba moja, anasuka hiyo tangu Krismasi. Evelyne anasuka ya kahawia. Nikasema kwenye mwanga wa jioni inaonekana kahawia. Akasema hata usiku inaonekana nyeusi.

Kwa hiyo nimekuwa nikifungua kiberiti kila siku kuitazama rasta ya dada yangu. Hili halitoki nje ya kurasa hizi.

Jioni Gerald akaja na salamu. Sikumwuliza, alieleza mwenyewe. Alimaliza gari la zahanati mchana, Evelyne akamkaribisha chakula. Kulikuwa na sahani moja imefunikwa, haijaguswa. Baba mdogo akamuuliza kama yeye ndiye Urban. Akajibu hapana, Urban yuko mlimani anaangalia mandhari. Baba mdogo akacheka sana. Nikamuuliza na Evelyne? Akasema Evelyne hakucheka. Alikuwa ameketi upande wa mlango anaangalia barabara, na sahani hakuruhusu mtu aile mpaka jua lilipozama.

Akauweka ule uzi wa plastiki mezani, akaenda. Safari hii sikuukataa, lakini pia sikusema asante.

Alhamisi, 19 Juni.

Evelyne amepiga. Uhamisho wake wa kurudi Bukoba umetoka, baba mdogo ndiye aliyekuwa anaufuatilia. Anasafiri kesho! Atashuka na basi la asubuhi la kutoka Mbulu, na basi kubwa la kutoka Arusha atalipandia hapa Katesh.

Nikasema Bukoba ni mbali. Akasema ndiyo.

Akasema amezungumza na baba mdogo. Mzee amesema kijana anayeweza kukaa mlimani siku nzima kuliko kuaibika, ama ni mjinga ama ana msimamo, na ni afadhali amwone kwa macho kabla ya kuamua. Kwa hiyo Evelyne amekata tiketi mbili. Viti viwili, pamoja. Nikapande naye, nikaonwe na wazazi wake. Nikiwa na nguo za wiki moja inatosha.

Dada Getruda amenipigia pasi mashati matatu. Hajawahi. Amesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye ndiye mkuu, na niende.

Nitakwenda. Bila shaka nitakwenda! Ila asubuhi nitakuwa na muda kidogo kabla ya basi. Beringi mpya ya tatu imefika kutoka Babati, na uzi sahihi ninao. Nitafunga tu hizo tano halafu ninawe mikono.

Ijumaa, 20 Juni.

Alikuja. Alikaa kwenye kochi lile lile. Rasta zake ni za kahawia, za kahawia kabisa, hata kipofu angeona. Alikuwa amevaa koti la baridi la Mbulu na macho yake yalikuwa mekundu kidogo kwa vumbi. Sijawahi kuona mtu mzuri namna ile ndani ya nyumba yetu. Nilikuwa chini ya chandarua.

Nilimwambia dakika moja. Beringi ya kwanza ilikuwa imekaa sawa kabisa, uzi umebonyea kwa upana mmoja kote, safi kama kwenye kitabu. Nikamwonyesha. Akainua chandarua, akaingia, akachuchumaa karibu yangu, akaangalia. Harufu ya sabuni yake. Akauliza ni nini hicho. Nikamweleza nafasi, na mafuta, na kwamba safari hii nitafika kwake bila aibu. Nilieleza vizuri sana. Akanisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Urban, mimi sijawahi kuuliza habari ya injini."

Basi likapiga honi stendi. Dada akabeba begi langu mpaka mlangoni. Nilikuwa nimefunga tatu, zimebaki mbili. Na mtu yeyote aliyewahi kushika spana anajua, huwezi kuacha krenki imefungwa nusu, na upepo huu, wiki nzima. Nikamwambia tangulia, viti ni vyetu, nitamalizia, nitawasha gari na nitalikuta basi kabla ya Singida. Nilimaanisha kabisa.

Alinishika mkono, huo wenye grisi, akaushika muda mrefu. Halafu akaenda na dada. Niliporudi kwenye beringi ya nne niliona mkono wangu una alama za vidole vyake, sehemu safi kwenye grisi. Sikuunawa. Nikafunga na mkono mwingine.

Jirani wakairudisha injini ndani ya gari. Gari halikuwaka. Nilisahau kwamba hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, bado iko nje.

Jumamosi, 21 Juni.

Dada Getruda haongei nami. Chai nimejipikia.

Nimefikiri tangu alfajiri na nimeliona kosa langu. Kosa lilikuwa injini ndogo. Silinda nne! Kwa Mbulu labda, lakini si kwa Bukoba. Kuanzia Singida mpaka Kahama ni lami tupu, imenyooka, mtu anakanyaga mpaka mwisho. Hapo inatakiwa silinda sita. Kuna mtu Dareda ana injini ya silinda sita imekaa kwenye nyasi, inahitaji kusafishwa tu. Beringi kubwa saba. Nimeshaongea na Benedict, ataileta Jumatatu juu ya basi.

Mchana Evelyne akapiga. Amefika Bukoba, amechoka, mama yake amempokea akilia. Akasema kuanzia Katesh hakulala. Pale Singida abiria mmoja alitaka kukaa kwenye kiti cha pembeni yake, akamkatalia, akasema kina mwenyewe. Nzega akaja mwingine, akamkatalia. Amekaa na kiti kitupu pembeni mpaka Bukoba.

Nikamweleza habari ya silinda sita. Akanyamaza sana mpaka nikaitazama simu kama bado ipo hewani. Ilikuwepo. Nafikiri mtandao wa kule ziwani si mzuri.

Lakini nimefurahi mno! Safari ndefu hivyo, na hakumpa mtu kiti changu. Hiyo inaonyesha ana subira, mwanamke wa kusubiri. Kwa hiyo hakuna haraka. Beringi saba zikipimwa moja moja, kwa utulivu, mpaka Krismasi zitakuwa tayari.